Anasoma Vizuri, Ila Hajui Alichosoma



Katika ziara zetu vijijini, Ngara na Biharamulo, tumezoea kumsikia mzazi akisema kwa fahari kwamba mmoja wa watoto wake "ni msomaji". Mtoto huitwa kutoka uani, hupewa kitabu, barua ya mkutano au kipande cha gazeti kilichofungiwa sukari, naye husoma kwa sauti kuu, bila kukwama, tangu mwanzo hata mwisho. Sisi wageni hupiga makofi. Kwa miaka mingi hatukuwa na desturi ya kumwuliza mtoto huyo swali lililo jepesi kuliko yote: hayo uliyotusomea yanasema nini? Tulipoanza kuuliza, makofi yalipungua.

Huenda mtu akashangaa kulikuta jambo hili katika kijitabu cha haki na amani. Je, kufundisha kusoma si kazi ya mwalimu wa Darasa la Pili? Tume inaingiaje humo? Tunaomba msomaji atuvumilie kidogo, maana sisi tuliletwa kwenye jambo hili na shamba, wala si na shule.

Mjane mmoja, ambaye hatutamtaja yeye wala kijiji chake, alitujia na karatasi iliyokunjwa mara nne. Mwanawe alikuwa ameugua, fedha za matibabu zikahitajika haraka, na mtu mmoja mwenye uwezo akazitoa. Mama huyu aliamini kwamba ameliweka rehani shamba lake la kahawa na migomba, na kwamba baada ya mavuno mawili angelipa deni na kurudishiwa. Karatasi ilikuwa imeandikwa kwa Kiswahili kizuri. Mama mwenyewe hajui kusoma, lakini hakuwa mzembe: kabla ya kutia dole gumba alimwita mjukuu wake wa Darasa la Sita amsomee. Mjukuu akasoma yote. Miezi michache baadaye mwenye fedha alikuja kupima mipaka.

Tulimwomba kijana asome tena mbele yetu. Alisoma vizuri kuliko wengi wetu: "Muuzaji anahamisha haki zake zote katika shamba lililotajwa hapo juu, bila sharti la kurejeshewa." Tukamwuliza, kuhamisha haki maana yake nini? Akafikiri, akasema, "Ni kuhama." Nani amehama? Akaitazama karatasi, akaliona neno, akajibu kwa adabu: "Haki."

Hakuna aliyecheka.

Hatumlaumu kijana. Bibi yake aliisikia sauti akaiamini. Mwalimu wake, bila shaka, naye aliisikia sauti hiyo hiyo akampa alama. Na sisi tungempigia makofi kama kawaida. Wote tulichukua ulimi kuwa ushahidi wa akili.

Wakati mmoja tulikuwa tukisema kwamba wanyonge wanadhulumiwa kwa sababu sheria na mashauri yamo katika Kiingereza. Malalamiko hayo yalikuwa ya haki, nasi tuliyatoa kwa miaka mingi. Lakini mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, na Kiswahili kikafanywa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Ni hatua kubwa, na tunaishukuru. Sasa basi, ikiwa karatasi imo katika Kiswahili na mtoto wa shule yumo nyumbani, na bado mama anapoteza shamba, tutamlaumu Mwingereza hadi lini? Tena karatasi zinazidi kuongezeka katika wilaya hizi mbili. Ipo hati ya hakimiliki ya kimila, inayotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Umekuja mradi wa umeme wa maporomoko ya Rusumo, wa megawati 80, unaogawanywa kati ya nchi tatu. Upo mradi wa nikeli wa Kabanga, ambao Serikali ilitia saini mkataba wake Januari 2021. Kila mradi wa namna hiyo huja na fomu za uthamini, barua za fidia na mihutasari ya mikutano. Hatusemi kwamba karatasi hizo ni mbaya. Tunasema kwamba nyingi zitasomwa kwa sauti, chini ya migomba, na mtoto wa shule ya msingi.

Sasa tuingie darasani. Kwa nini mtoto anaweza kusoma asichokielewa?

Sababu ya kwanza ni uzuri wa lugha yenyewe. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akishashika ba be bi bo bu na silabi zenzake, anaweza kutamka neno lolote, hata ambalo hajapata kulisikia tangu azaliwe. Mtoto wa Uingereza akikutana na neno geni hujikwaa katika kulitamka, na mwalimu humgundua papo hapo. Wetu hajikwai. Anapita juu ya neno asilolijua kama mtu apitaye juu ya daraja gizani. Hajui kama chini kuna mto au kuna barabara. Hivyo urahisi ambao tunajivunia, na tuna haki ya kujivunia, ndio unaoficha ugonjwa hadi Darasa la Sita, na pengine hadi siku ya kutia dole gumba.

Sababu ya pili ni maswali tunayoyauliza. Msomaji mpendwa, hebu soma sentensi hii: "Mabuli aliruzua firato lake penye mgelo." Haina maana yoyote, tumeitunga sisi wenyewe. Sasa jibu maswali. Nani aliruzua firato? Mabuli. Mabuli aliruzua nini? Firato lake. Aliruzua wapi? Penye mgelo. Umepata tatu kwa tatu, vyema nyekundu, na pongezi kutoka kwa mwalimu. Lakini firato ni nini? Tumeyapitia madaftari ya watoto kadhaa, tukaona kwamba sehemu kubwa ya yale yanayoitwa maswali ya ufahamu ni ya namna hii. Mtoto hulitafuta neno la swali ndani ya habari, akalipata, akaandika kinachofuata. Kazi hiyo inahitaji macho. Akili inaweza kubaki nje ikicheza mpira.

Hali hii haiko kwetu tu. Zoezi la Uwezo, lililoanza nchini mwaka 2010, liliwapima watoto majumbani mwao kwa hadithi fupi ya kiwango cha Darasa la Pili. Lilionyesha kwamba katika Darasa la Tatu ni karibu watatu tu kati ya kila kumi waliomudu hadithi hiyo ya Kiswahili. Mwaka 2013 ukafanyika upimaji wa kitaifa wa Darasa la Pili, ukihusu kusoma pamoja na kuelewa. Waliofikia kiwango walikuwa 8 kati ya 100. Serikali ilishtuka, na ni haki kusema kwamba haikukaa kimya: mwaka 2015 mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili ulipangwa upya ili watoto washughulikie kwanza zile K tatu, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Miradi mikubwa ya wafadhili ikaja nayo, ikienda katika mikoa iliyochaguliwa. Ile miwili tuliyoisikia zaidi, EQUIP-Tanzania na Tusome Pamoja, haikufika Kagera. Tunalisema hili bila kinyongo. Ila tusikae tukisubiri gari la mradi lipande mlima kuja Rulenge au lipite Nyakanazi. Kuna yanayoweza kufanywa kwa chaki na ubao.

Wakubwa wetu watakumbuka pia kwamba fikra hii si ngeni katika nchi hii. Mwaka 1967 waliojua kusoma na kuandika miongoni mwa watu wazima walikuwa kiasi cha theluthi moja. Kufikia mwaka 1986 walihesabiwa kuwa 9 kati ya 10. Mapema katika kazi hiyo, tangu mwaka 1968, mikoa ya Ziwa, pamoja na mkoa wetu ulipokuwa bado ukiitwa Ziwa Magharibi, ilikuwa uwanja wa majaribio wa kisomo chenye manufaa. Watu walijifunza kusoma kwa habari za pamba, migomba, uvuvi na mifugo, yaani mambo waliyoyajua kwa mikono yao. Neno "manufaa" lilikuwa na uzito wake. Mkulima hakupewa silabi ili azitamke tu. Alipewa habari ili akaijaribu shambani. Inasikitisha kwamba jambo tulilowafanyia baba zetu tumelisahau kwa watoto wetu.

Wapo watakaosema: kuelewa hakufundishwi. Mtoto mwerevu ataelewa, mzito hataelewa, na Mungu ndiye agawaye vipaji. Tunapinga jambo hili kwa nguvu zote. Mwishoni mwa miaka ya 1970 huko Marekani, mtafiti Dolores Durkin aliketi katika madarasa ya watoto wa mwaka wa nne wakati wa vipindi vya kusoma, akihesabu kila dakika. Katika dakika 4,469 alizozitazama, walimu walitumia dakika 20 tu kuwafundisha watoto namna ya kuelewa. Muda mwingine ulikwenda kwenye kuuliza maswali na kusahihisha majibu. Na Marekani ile ilikuwa na vitabu vya kutosha! Maana yake ni kwamba walimu walikuwa wakipima kitu ambacho hawakuwa wamekifundisha. Mtu akimpima mtoto uzito kila siku bila kumpa chakula, hatumwiti mlezi.

Baadaye, mwaka 1984, watafiti wengine wawili wa huko huko, Palincsar na Brown, walieleza namna walivyowafundisha vijana waliotamka vizuri bila kuelewa, yaani ndugu wa yule mjukuu wetu. Waliwazoeza mambo manne: kukisia kitakachofuata, kuuliza maswali juu ya habari, kufafanua palipo pagumu, na kusimulia kwa ufupi. Mwanzoni mwalimu hufanya mbele yao. Kisha polepole watoto hushika zamu ya kuwa mwalimu. Vijana wale walipanda sana. Mbinu hizi haziombi umeme wala mashine.

Tueleze jinsi tulivyoona zikifanyika katika shule moja ya wilaya hizi, darasa la watoto zaidi ya mia, vitabu vichache, madawati ya watoto wanne wanne. Mwalimu aliandika ubaoni maneno haya, nasi tunayaweka hapa kwa ruhusa yake:

"Mama Editha aliamka mapema, akaanika kahawa yake uani. Saa sita alitazama mlimani. Akawaita watoto kwa sauti, nao wakaja mbio na magunia. Walipomaliza kazi, walikaa jikoni wakisikiliza bati."

Sentensi ya mwisho aliifunika kwa kiroba. Watoto wakasoma kwa pamoja, kwa sauti iliyotikisa madirisha. Kisha mwalimu hakuuliza "Nani aliamka mapema?" Alisimama mbele ya ubao kama mtu anayezungumza peke yake: "Alitazama mlimani. Mbona alitazama mlimani? Sijaelewa. Nitasoma tena. Wakaja na magunia... Magunia ya nini, na kahawa ilikuwa imeanikwa?" Watoto wakaanza kunong'ona. Akawaambia kila dawati likisie kilichofunikwa na kiroba. Wengine walisema mwizi anakuja. Wengine walisema mnunuzi wa kahawa amefika. Wengi wakasema mvua. Mwalimu hakusema nani amekosa, aliuliza kila kundi, "Ni neno gani lililokuambia hivyo?" Hapo ndipo tulipokaa vizuri kwenye benchi. Mtoto aliyesema mwizi alirudi ubaoni, akatafuta, akakosa neno la kumsaidia, akabadili mawazo yake mwenyewe bila kuchapwa. Kiroba kikaondolewa. "Walikaa jikoni wakisikiliza bati." Darasa zima likapiga kelele: "Mvua!"

Tafadhali soma tena habari ile. Neno mvua halimo. Mtoto aliyezoea kuwinda maneno ya swali ndani ya habari asingeipata mvua hiyo hata angesoma mara kumi. Imepatikana kwa kuunganisha yaliyoandikwa na yale ambayo kila mtoto wa Ngara anayajua kuhusu kahawa, wingu na bati. Na karatasi ya yule mjane ilikuwa hivyo hivyo: neno "umeuza" halikuwamo. Lilikuwamo neno "muuzaji", likapitwa haraka, na lilikuwamo "kuhamisha". Aliyezoezwa kusimama na kuuliza "Mbona wanamwita bibi muuzaji, naye amesema anakopa?" angeliona.

Jambo moja katika somo lile lilitugusa kuliko mengine, nalo ni kwamba mwalimu alisema "sijaelewa" mbele ya wanafunzi wake. Katika shule zetu nyingi, neno hilo likitoka kinywani mwa mtoto humletea aibu, na wakati mwingine fimbo. Mtoto hujifunza mapema kwamba kukwama ni kosa, na kwamba dawa ya kosa ni kuendelea kusoma kwa sauti zaidi. Tungependa watoto wafundishwe kinyume chake: wakifika pasipoeleweka, wasimame, warudi sentensi moja nyuma, waliangalie neno gumu pamoja na majirani zake, na wakishindwa waulize. Mwalimu anayewaonyesha kwamba hata yeye hurudi nyuma anawapa ruhusa ambayo hawataipata kwingine.

Liko na suala la lugha ya nyumbani, na hapa tunajua hatutakubaliana na wasomaji wote. Mtoto wa Ngara huota kwa Kihangaza au Kishubi. Wa Biharamulo, kwa Kisubi, Kizinza, Kisukuma au lugha nyingine ya wahamiaji. Kiswahili anakutana nacho kwa nguvu siku ya kuanza shule. Hatudai kwamba masomo yarudi kwenye lugha za kikabila. Sisi tulio mpakani tunajua Kiswahili kimetufanyia nini. Ila tunauliza: mtoto wa Darasa la Pili akishasoma habari kwa Kiswahili, kuna ubaya gani akimsimulia mwenzake kwa Kihangaza, kwa dakika tano, kisha wakarudi kwenye Kiswahili? Anayeweza kusimulia kwa lugha ya mama yake ameelewa. Hawezi kunakili, maana maneno ni mengine. Hakuna kipimo cha ufahamu kilicho rahisi zaidi. Mwalimu aliyetoka mkoa mwingine, asiyejua lugha hizo, atazisikia sauti tu, lakini ataona nyuso, na anaweza kumwomba mtoto wa tatu amfasirie. Tumekuta shule ambako mtoto akinaswa anasema lugha ya kwao huadhibiwa. Tunaomba walimu walitafakari jambo hilo upya, angalau kwa madarasa ya chini.

Vivyo hivyo kuhusu habari zenyewe. Mtoto wa Bugarama ambaye hajapata kuona bahari anapewa habari ya manahodha na majahazi, na anapokosa majibu tunasema hajui kusoma. Mpeni habari ya kuku aliyetamia, ya kuvuka Ruvubu, ya siku ya mnada, ndipo mtajua kama hajui kusoma au hajui bahari. Tunataka aijue bahari pia, bila shaka. Lakini kwanza aonyeshwe picha, aelezwe, aulize; wingu asilolijua halitamwambia mvua.

Na sisi wa Kanisa tusijifiche. Ni nani aliyewazoeza watoto wa wilaya hizi kujibu kwa kukariri kabla hata shule haijawafikia? Mafundisho yetu ya watoto, kwa vizazi kadhaa, yalikuwa ya swali na jibu, na aliyekosea neno moja alirudishwa nyuma hata kama moyo wake ulikuwa umeshika maana. Hata leo tunamchagua msomaji wa Jumapili kwa ajili ya sauti yake. Tumemwuliza mmoja, baada ya Misa, somo la kwanza lilihusu nini. Alicheka, akasema alikuwa akiangalia asikosee.

Walimu wametujibu, na majibu yao yana uzito. Wanasema: watoto mia na mwalimu mmoja, mihtasari mirefu, na juu ya yote, mtihani. Tangu mwaka 2012 sehemu kubwa ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hujibiwa kwa kutia kivuli kwenye herufi ya jibu, na mtoto asiyeelewa swali anaweza kubahatisha na kufaulu. Nani atamlaumu mwalimu anayefundisha kubahatisha, ikiwa shule yake hupimwa kwa matokeo hayo? Sisi tunakubali kwamba mzigo huo si wake peke yake, na wenye mamlaka ya elimu hawana budi kuubeba sehemu yao: walimu wa kutosha katika madarasa ya chini, na yule aliye bora kuliko wote apewe Darasa la Kwanza, badala ya kupelekwa la Saba kuokoa jina la shule. Lakini somo la Mama Editha lilichukua dakika arobaini, katika darasa la watoto zaidi ya mia. Habari moja fupi ya namna hiyo kwa wiki, ikisomwa kwa kina, inazidi habari tano za kukimbizwa. Hata mtihani utanufaika. Kijana atakayeingia Kidato cha Kwanza, ambako masomo ni ya Kiingereza, akiwa hajazoea kutafuta maana katika Kiswahili, ataitafutia wapi katika lugha asiyoisema?

Kuna hatua nyingine ya kuelewa ambayo hatuwezi kuiacha, kwa sababu ya mahali tunapoishi. Nayo ni kuuliza: nani ameandika haya, na anataka nifanye nini? Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara. Wazee wa Kasulo wanaikumbuka Benaco ilivyokuwa. Miongoni mwa waliovuka walikuwamo walioua na waliokimbia tu, na wengi kati yao walikuwa wamesoma na kusikia, kwa miaka kadhaa, maneno ya chuki yaliyoandikwa kwa ustadi. Desemba 2003, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa hapa hapa kwetu Arusha, iliwatia hatiani watu watatu kwa kazi yao katika redio na magazeti, mmoja wao mhariri wa gazeti la Kangura. Gazeti lile halikuandikwa kwa ajili ya wasiojua kusoma. Lilihitaji wasomaji, tena wasomaji wasiouliza. Mtoto wa Darasa la Nne hahitaji kuambiwa hayo yote. Inatosha akizoezwa, kila anapomaliza habari, kujibu maswali haya: anayesema ni nani, amejuaje, na yupo ambaye hakupewa nafasi ya kusema? Hata katika ugomvi wa sungura na fisi swali hilo linafaa. Leo, ambapo ujumbe wa simu hupita kijiji kizima kabla ya jua kutua, linafaa zaidi.

Mzazi asiyejua kusoma asidhani kwamba hana sehemu katika kazi hii. Huenda sehemu yake ndiyo iliyo kubwa. Jioni, mtoto akimaliza kusoma, mzazi aseme: funga kitabu, nisimulie. Akisimulia, aulizwe kwa nini. Bibi zetu walifanya hivyo kwa vitendawili na hadithi karibu na moto. Hakuna aliyeruhusiwa kujibu kwa kurudia maneno ya swali. Mama yule mjane, baada ya yote, alituambia kwamba sasa humzuia mjukuu wake kila baada ya sentensi moja na kumwuliza imesema nini. Kijana huchoka, na wakati mwingine hukasirika. Shauri la shamba limekwisha kupelekwa kwenye baraza la ardhi la kijiji kwa usuluhishi, na hadi tunapoandika halijapata mwisho.

Kwa kamati za shule tuna ombi moja. Katika mkutano wenu ujao, kabla ya kujadili madawati na choo, ambavyo ni vya lazima, ombeni watoto watano wa Darasa la Tatu waletwe, wasiochaguliwa na mwalimu mkuu. Wasome kila mmoja habari fupi ambayo hawajaiona, kimya kimya, bila sauti yoyote. Kisha kitabu kifungwe, nao wasimulie kwa lugha waipendayo. Andikeni katika kumbukumbu za mkutano ni wangapi walioweza. Mkipenda, tuleteeni idadi hiyo katika ofisi ya parokia iliyo karibu nanyi. Tutaipokea hata ikiwa ni sifuri.